Unataka kusomea saundi chuoni na uko Lamu ama Malindi? Anzia hapa

Ikikaribia Januari, Mei na Septemba simu yangu hujaa maswali ya vijana wanaotaka kuingia chuo kusomea saundi, yani kurekodi na kuendesha mitambo ya sauti, na maswali ni yale yale: ninunue laptopu gani, lazima nijue kupiga kinanda, mbona nikirekodi nyumbani sauti inatoka kama niko ndani ya mtungi, programu gani ndo bora. Basi nimeyaweka yote hapa. Mimi ni mtu wa Lamu, nilihamia Malindi kwa ajili ya kozi, nikamaliza, na sasa kazi yangu ni mitambo ya harusi na kurekodi kasida na udi (ile ala ya nyuzi), kwa hivo haya nnayokwambia nimeyapitia kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwanza shika hili. Muhula wa kwanza hutafunzwa kutengeneza biti za muziki. Utafunzwa njia ya sauti, inatoka vipi mdomoni mwa mtu mpaka ikafika kwenye spika, na kila kituo inachopita pale kati. Wenzangu walioacha kozi njiani, wengi wao walikuja wakitafuta plagini, zile programu ndogo za kupamba sauti, wakakuta waya, wakaona wanapotezewa wakati. Mtu akizielewa waya zake vizuri, hata kwa laptopu ya kuazima atatoa rekodi ya kusikilizika.

Kabla hujaanza, tafuta hivi

- Karatasi zako: matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), kitambulisho ama cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kumaliza shule. Kwa diploma kawaida wanataka C minus, kwa satifiketi D plain, na chini ya hapo kuna kozi za atizani, usikate tamaa manake unaweza kuanzia chini ukapanda.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Zile za blututhi achana nazo kwa kazi hii, sauti inafika imechelewa na utaimba nje ya mpigo bila kujua kwa nini.
- Simu yenye programu ya kurekodi inayotoa faili za WAV, zile ambazo sauti haijabanwa.
- Laptopu ya RAM GB 8 hivi inatosha kuanzia. Kama huna, usikope. Vyuo vingi vina komputa za kutumia, uliza kwanza.
- Flashi moja na diski ya nje moja. Vitu viwili, sio kimoja, ntaeleza mbele.
- Daftari na kalamu.
- Tepu ya kitambaa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe tena.

Maiki usinunue sasa. Chuo kinazo, na ukisubiri miezi mitatu utakuwa unajua unachotaka. Na kama lazima ununue moja, chukua dainamiki ya kawaida, aina isiyohitaji umeme, kama Shure SM58, iko sokoni tangu 1966 na inastahimili kuanguka na jasho, lakini kuwa macho, bandia zake zimejaa madukani na kwenye boksi hutaona tofauti, nunua kwa mtu atakayekuruhusu kuijaribu.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha chuo na kozi kabla ya kulipa hata shilingi.

Chuo chochote cha ufundi Kenya lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi, uliza ama angalia orodha yao. Halafu jua kwamba saundi mara nyingi haina jina lake yenyewe, imejificha ndani ya kozi ya utangazaji, ya filamu, ya media, wakati mwingine ndani ya umeme na eletroniki. Soma orodha ya masomo, usisome jina la kozi peke yake. Kuna pia KIMC kule Nairobi, chuo kikongwe cha mambo ya utangazaji, tangu 1961, kama wazazi wanaweza kukutuma mbali. Maombi unapitishia KUCCPS, ofisi ya serikali ya kugawa nafasi za vyuo, ama unakwenda chuoni mwenyewe, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu, wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia wanaomba.

Lakini lililo muhimu kabisa ni hili, nenda ukakione kile chumba. Panda basi, fika, omba uoneshwe studio na miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Uliza mwanafunzi, usiulize ofisi: kwa wiki mnaingia studio masaa mangapi? Maiki ngapi zinafanya kazi? Mnaruhusiwa kurekodi wenyewe jioni? Chuo chenye vifaa vya zamani lakini kinachokuachia uvishike ni bora mara kumi kuliko chenye studio ya kung'aa iliyofungwa kufuli.

Mtu wa Lamu hesabu pia nyumba ya kupanga na nauli, mashua mpaka Mokowe upande wa bara, halafu basi. Vijana wengi wanahesabu ada ya chuo tu, muhula wa pili wanakwama.

2. Zoeza masikio mwezi mmoja kabla.

Hii haina gharama na ndo wengi wanairuka. Kila siku kaa pahali dakika kumi, funga macho, andika kila sauti uliyosikia: iko karibu ama mbali, nzito ama nyembamba, imetulia ama inatembea. Lamu utaandika punda, injini ya mashua, mtu anatwanga, adhana ya msikiti wa karibu na ile ya mbali inayofika nyuma yake kidogo. Malindi utaandika tuktuk mpaka uchoke. Ukishazoea hivo, weka wimbo mmoja tu kwenye hedifoni na usikilize wiki nzima, leo fuata ngoma peke yake, kesho udi, keshokutwa sauti ya mwimbaji na mwangwi unaomfuata. Siku utakapokaa mbele ya miksa utakuwa unajua unatafuta nini.

3. Tafuta chumba kabla ya kutafuta kifaa.

Ile sauti ya mtungini mnayoniuliza kila siku haitokani na simu yako, inatoka kwenye chumba. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia kama mlio unaendelea kulia kwenye kuta, hapo usirekodi, ama rekebisha.

Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe ambazo zinazuia makelele ya nje vizuri sana, ila ndani chumba ni kirefu na chembamba na sauti inarudi. Kama chumba kina zidaka za zamani ukutani, rekodi ukielekeza maiki ili sauti ya mwimbaji ipige upande ule, vile vishimo vinaitawanya sauti badala ya kuirudisha kama ilivyo. Wazee hawakujenga kwa ajili ya studio lakini mimi nimerekodi mara nyingi mbele ya zidaka na sijajuta. Malindi, nyumba ya makuti haina shida ya mwangwi, makuti yanameza sauti, tatizo lake ni upepo na kunguru. Ya mabati na matofali ya saruji ndo ngumu, inalia, na mvua ikinyesha umekwisha.

Dawa ni rahisi: godoro nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito mbili zimening'inizwa ubavuni, mkeka na zulia chini. Weka nyuma ya mwimbaji manake maiki inaangalia kule. Watu wanaweka godoro nyuma ya maiki afu wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Zima feni. Zima friji pia, na ukizima weka ufunguo wako wa mlango ndani ya friji, hutaweza kutoka nyumbani bila kukumbuka kuiwasha, la sivyo samaki wa mama wataoza na hutarekodi tena nyumba ile. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, usirekodi barazani bila sponji nene kwenye maiki. Saa nzuri kwangu ni baada ya isha, mji ukishatulia.

4. Jifunze njia ya sauti kwa mikono.

Chora kwenye daftari: mwimbaji, maiki, waya wa XLR (ule wa pini tatu), geini (kiwango cha sauti inayoingia) ya miksa ama ya intafesi (kisanduku kinachoingiza sauti kwenye komputa), komputa, hedifoni. Kila siku ukiingia studio unganisha mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza mtu, halafu ufungue zote, uunganishe tena. Fanya mara ishirini. Sauti ikikosekana siku ya kazi utaifuata kituo kwa kituo badala ya kubonyeza ovyo.

Mpangilio wa kuwasha: vyanzo na miksa kwanza, spika na ampu mwisho. Kuzima ni kinyume, spika kwanza. Ukikosea utasikia ule mshindo, na mshindo ule unaua spika.

Maiki za kondensa, aina nyingine isiyokuwa dainamiki, zinahitaji stimu (umeme) ya volti 48 inayopanda kwa waya ule ule wa XLR, kuna kitufe chake. Teremsha sauti kabla ya kukibonyeza, na usichomeke wala kuchomoa maiki kikiwa kimewaka.

Waya usizikunje kwa kuzizungusha kwenye kiwiko, zinapinda ndani zinakatika na kwa nje huoni kitu. Mwombe fundi akuoneshe ile ya kukunja juu, kisha chini.

5. Weka geini, na uiweke chini kuliko unavotaka.

Kosa la kila mwanafunzi, mimi sikukosekana. Seti programu yako iwe 48 kHz na biti 24, hivi ni vipimo vya ubora wa rekodi, biti hizi sio zile za muziki. Halafu mwambie mwimbaji aimbe pale pahali anapopaza zaidi, sio ule mwanzo wa upole, afu panda na geini mpaka vilele vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndo mwisho wa mita, achia hapo. Utaona ni ndogo, utataka kuongeza, usiongeze. Kwa biti 24 rekodi ndogo unaipandisha baadaye bila shida, ila iliyogonga sifuri ikapasuka hairudi, hakuna plagini ya kuifufua vizuri. Matari ndo yanadanganya watu, mita inaonesha sawa, kumbe kila pigo linapasuka, acha nafasi zaidi.

Kwa nafasi ya diski hesabu hivi: maiki moja kwa biti 24 na 48 kHz inakula karibu MB 9 kwa dakika, yani saa nzima kama nusu GB. Maiki nane, GB 4 kwa saa. Angalia kabla ya shughuli, usiangalie katikati.

6. Sogeza maiki.

Hapa ningekaa na wewe siku nzima kama ningeweza, manake hapa ndo rekodi inapatikana ama inapotea.

Mwimbaji: anzia shubiri moja kutoka mdomoni, na uigeuze maiki kidogo ubavuni ili zile pumzi za P na B zisiipige moja kwa moja. Akikaribia zaidi sauti inakuwa nzito kifuani, akienda mbali inakuwa nyembamba na chumba kinaingia. Wakati mwingine uzito ule ndo unaoutaka, jaribu yote.

Udi: watu wanaelekeza maiki kwenye tundu kubwa la mbele, inatoka sauti ya kuguruma kama pipa. Weka kama futi moja mbali, ilenge pale shingo inapokutana na tumbo la udi, afu sogeza inchi mbili mbili huku umevaa hedifoni na mpigaji anapiga. Utaisikia ikifunguka. Ukishaipata weka tepu sakafuni, miguu ya stendi iko wapi na kiti kiko wapi, manake mpigaji akiinuka kunywa chai hatorudi pale pale.

Kikundi cha kasida: usimpe kila mtu maiki. Watie kwenye nusu duara, maiki mbili mbele yao juu kidogo, matari nyuma, waimbaji mbele, na uwapange wao wenyewe kwa kusikiliza, anayepaza rudi nyuma hatua mbili. Ukitumia maiki nyingi, fuata hii: maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwa mtu wake, ya jirani iwe angalau sentimita 90 kutoka ile. La sivyo sauti moja inaingia maiki mbili kwa nyakati tofauti na ikichanganywa inakuwa nyembamba, ya ajabu ajabu.

Na kitu kingine, omba ruhusa. Maulidi ya Lamu pale msikiti wa Riyadha, ngoma ya harusi, vugo la kina mama, usifike na stendi tu. Wengine hawataki kurekodiwa, na vugo hasa ni la wanawake, mwanafunzi wa kike ndo aende.

7. Fanya rekodi moja ya dakika tatu, uimalize.

Moja tu. Bonyeza rekodi, sema tarehe, pahali na nani anapiga. Kaa kimya sekunde kumi upate sauti ya chumba kitupu, itakusaidia kuziba nafasi wakati wa kukata. Piga mara tatu, uchague bora. Programu, Audacity ni ya bure na inatosha muhula wa kwanza, Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Chuo kikitumia nyingine fuata ya chuo. Kubishana programu gani bora ni kupoteza jioni.

Kuchanganya: anza na viwango pekee, panda shuka na feda (vile vitelezi vya sauti) mpaka kila kitu kisikike, bila plagini yoyote. Hapo ushamaliza kazi kubwa. Kwenye sauti ya mwimbaji kata chini ya Hz 80, kule kuna mngurumo na miguu ya stendi tu. Kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, kidogo. Mwangwi wa mwisho kabisa, na ukishauweka uteremshe, ukiona umepotea kidogo hapo ndo kiasi. Sikiliza kwa simu bila hedifoni, halafu mwombe dereva wa tuktuk auweke kwenye redio yake, utajua ukweli.

8. Hifadhi nakala tatu usiku ule ule.

Mbili kwenye vifaa tofauti, moja pahali kwengine kabisa, kwa ndugu ama kwenye intaneti.

Mwaka wangu wa kwanza nilimrekodi mzee mmoja wa Lamu akipiga udi barazani kwake, saa nzima, na katikati alikuwa akieleza amefunzwa na nani na zamani walikuwa wakipiga vipi. Nikaweka kwenye flashi moja tu, na kwa kadi nikafuta nipate nafasi. Kuvuka kwenda Mokowe bahari ilikuwa chafu, begi likalowa maji ya chumvi, flashi haikufunguka tena. Nikasema ntarudi nimrekodi likizo. Mzee alifariki kabla ya likizo. Watoto wake wakanijia kuniuliza ile rekodi, na sikuwa na cha kuwapa. Fanya nakala tatu ndugu yangu.

9. Toka na watu wa mitambo wikendi.

Usingoje atachi, yani mafunzo ya kazini, ya mwaka wa mwisho. Tafuta fundi mitambo wa harusi, mwambie utabeba spika bure, beba, angalia, uliza wakati wa kupakia sio wakati wa shughuli. Utajifunza vitu ambavyo darasani havipo, kama kuelewana na mzee anayetaka sauti ipande na jirani anayetaka ishuke.

Linda masikio yako. Kipimo kinachotumika ni desibeli 85 kwa masaa manane, na kila ikipanda tatu muda unakatika nusu, kwa hivo ukifika 94 una saa moja, 100 una dakika kumi na tano. Mbele ya spika za harusi unazipita hizo upesi. Vaa vizibo, na masikio yakianza kulia usiku, pumzika kesho yake.

Onyo ambalo sitalirudia: usivunje ile pini ndefu ya plagi, ya ardhi, ati kuondoa mngurumo. Inaondoa kweli, na siku stimu ikivuja itapita kwa mtu aliyeshika maiki.

Ikigoma

*Hakuna sauti kabisa.* Fuata mchoro wako kutoka mwanzo. Maiki ina swichi? Waya, badilisha. Volti 48 imewaka kama ni kondensa? Geini? Kitufe cha kunyamazisha? Programu imechagua intafesi ama bado inasikiliza maiki ya laptopu? Hii ya mwisho ndo nusu ya simu ninazopigiwa.

*Mngurumo wa chini usioisha.* Stimu yetu ni ya Hz 50 na ndo unayoisikia. Chomoa chaja ya laptopu, mngurumo ukikoma umepata mwizi. Tia vyote kwenye ekstenshoni moja, tenganisha waya za sauti na za stimu, zikikutana zipishane kama msalaba.

*Mitambo inapiga mluzi.* Maiki inasikia spika. Spika ziwe mbele zikiangalia watu na maiki ibaki nyuma yake, muimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, akaribie zaidi nawe uteremshe geini. Kukata masafa kwenye miksa ni baada ya hayo.

*Unajisikia umechelewa kwenye hedifoni.* Teremsha bafa (sehemu ya sauti ambayo komputa inaishika kwanza kabla ya kuitoa, iko kwenye mipangilio ya programu) iwe 128 wakati wa kurekodi, ipandishe 1024 wakati wa kuchanganya. Ikianza kukatika katika ukiwa kwenye 128, panda 256 na funga braza.

*Sikio moja tu.* Kawaida trak ya mono, yani ya maiki moja, imewekwa kwenye chaneli ya stirio. Igeuze iwe mono.

*Stimu imepotea katikati.* Laptopu iwe na chaji kila wakati, na ziwekee programu zako kuhifadhi zenyewe kila dakika mbili tatu.

*Inakwaruza ukigusa waya, na nyumba yako iko karibu na bahari.* Angalia pini, utaona kijani. Ni chumvi. Pangusa na spiriti kwa pamba, acha ikauke kabisa, kisha rudisha vifaa kwenye boksi la kufunika na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na vipakiti uvibadilishe vikishalowa. Lamu mimi hufanya hivi kila mwezi, Malindi ukikaa ndani kidogo kutoka pwani hata miezi miwili inafika.